Kisu cha Pengo

Nzioka hakupata kumwamini mtu aliyemsalimia huku akitabasamu. Ukimwambia "Sasa mzee," alikutazama kwanza akijiuliza umetumwa na nani, ndipo akaitikia kwa sauti ndogo, kama anayeulizwa alikoficha kitu. Kibanda chake pale Dagoretti Corner, nyuma ya maseremala wanaouza vitanda, kilikuwa na mlango mmoja na kufuli mbili. Tupa zake alizifungia ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo akauvaa shingoni. Mkewe Syombua alikuwa ameshazoea. Alisema wanawake wengine waliolewa na waume, yeye aliolewa na askari wa zamu.

Lakini visu alijua kutengeneza. Hilo hata maadui zake walikubali, ingawa wengi wao hawakujua kwamba ni maadui zake. Alinunua springi kuukuu za malori, akazikata, akazipasha moto mpaka zikawa nyekundu, akazifua na kuzizamisha ndani ya oili chafu ili chuma kishike ugumu. Wenye bucha kuanzia Kawangware hadi Kinoo walivitambua visu vyake kwa kitu kimoja tu. Mgongoni mwa kisu, karibu na mpini, palikuwa na pengo, nusu duara iliyosuguliwa ikalainika vizuri. Hakuna mteja aliyeomba kisu cha Nzioka. Walisema, "Nipe ile ya pengo," na muuzaji akajua.

Pengo lenyewe lilizaliwa na ubahili. Springi ya lori ina tundu katikati, pale bolti inapopita, na fundi wa kawaida hulikwepa anapokata chuma chake. Nzioka, enzi alipokuwa anaanza kazi na chuma akikiokoteza huku na huko, hakukubali kupoteza hata kipande. Akakata katikati ya tundu, nusu yake ikabaki mgongoni mwa kisu. Mtu wa kwanza kukishika kisu hicho alikuwa Ndegwa, mwenye bucha kule Kinoo, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Ndegwa akauliza ile kasoro ni ya nini.

Nzioka akajua anatafutiwa sababu ya kupunguza bei. "Hiyo si kasoro," akasema bila kupepesa jicho. "Hapo ndipo kisu inapumua. Ukigonga mfupa, ile nguvu inatokea hapo. Kisu haina hiyo, inavunjika."

Ndegwa akakinunua, akaenda akagonga mifupa nacho, na hakikuvunjika. Kingevunjikaje? Kilikuwa kisu kizuri. Akawasimulia wenzake kuhusu kisu kinachopumua, nao wakaja kukitafuta, na tangu hapo Nzioka akawa analikata pengo hata kwenye chuma kisicho na tundu, kwa tupa, taratibu, ili lifanane na lile la kwanza. Ukweli wa pengo ulibaki kwake na kwa Syombua. Kusema kweli hakuona kama ni uongo. Aliona ni biashara.

Taabu ilianzia katikati ya jiji, kwenye duka la Taranjit, kalasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa akiviuza visu vya Nzioka kwa miaka mingi bila kugombana naye. Asubuhi moja Taranjit alitoa kisu chini ya kaunta, akakiweka mbele yake.

"Nzioka, angalia hii kitu."

Kilikuwa kisu cha bati, chepesi, cha kupindika ukikata nacho mkate. Lakini mgongoni kilikuwa na pengo, nusu duara ileile, mahali palepale.

"Umetoa wapi?"

"Kuna mtu anaitwa Kihara, anauza kule Jamhuri wakati wa maonyesho, saa hii anasambaza hadi hapa mjini. Mimi nimenunua moja nikuonyeshe. Watu wanakuja hapa kunirudishia yake wakidhani ni yako."

Mtu mwingine angeshukuru. Nzioka alikigeuzageuza kisu kile, akajiuliza kwa nini mtu akuonyeshe kisu bandia kama si kujiosha mikono mapema. Taranjit akamwambia pengo lile linaweza kusajiliwa liwe alama yake ya biashara, ili Kihara azuiwe na sheria, na kwamba yupo wakili anayemwamini, msichana hodari anayeitwa Hiral. Hapo Nzioka akaona mambo yote waziwazi. Kalasinga anamtuma kwa Mhindi mwenzake. Kumbe wamepanga.

Alienda, lakini alienda kwa ajili ya kuwapeleleza. Ofisi ya Hiral ilikuwa ghorofani, na chai iliyoletwa aliiacha ipoe mpaka alipomwona Hiral akinywa yake. Hiral alikishika kisu kwa heshima, akakipima mkononi, akauliza swali ambalo Nzioka alikuwa amelingojea tangu alipopanda ngazi.

"Mzee, hii pengo inafanya kazi gani?"

Ahaa! Ndicho walichokuwa wanatafuta, siri ya pengo, wampelekee Kihara. Nzioka akaificha kwa kumtolea ile hotuba aliyompa Ndegwa. Akasema pengo ndilo pafu la kisu, bila pengo kisu si kisu, bucha zote za magharibi ya jiji zinalitegemea. Alidhani amemfunga mdomo. Hiral akaweka kalamu chini, uso umemshuka.

"Basi hatuwezi kuisajili," akasema. "Alama ya biashara ni ya kumfanya mtu ajue hii ni ya Nzioka, na si ya mwingine. Kama pengo inafanya kisu ikate vizuri ama isivunjike, sheria haiwezi kukupea peke yako milele. Kila fundi ana ruhusa. Lakini ingekuwa haina kazi, ni ya kutambulisha tu, hapo tungepigana."

"Kwa hivyo sheria inalinda upuzi, kitu ya maana inaachia wezi?"

"Ukitaka kuiweka hivyo."

Nzioka alirudi nyumbani akiwa na hasira ya mtu aliyetapeliwa bila kujua ametapeliwa nini. Syombua alimsikiliza akipepeta mchele, halafu akacheka mpaka machozi. "Si umwambie tu ni tundu ya bolti! Wewe ndiye mtu pekee Nairobi anaweza kushinda kesi kwa kusema ukweli, na bado unaogopa."

Aliogopa kweli, na tusimcheke sana. Visu vya Kihara vilikuwa vinapindika na kuvunjika mikononi mwa watu, na lawama zilikuja kibandani kwake. Mwenye bucha mmoja wa Kawangware alimtupia kipande cha mpini miguuni akimwita tapeli. Jina alilolijenga kwa moto na jasho lilikuwa linamegwa mbele ya macho yake, na hakuwa na kitu kingine cha kumwachia mtu duniani. Akarudi kwa Hiral, akafunga mlango mwenyewe, akachungulia dirishani, akanong'ona kwamba pengo halina kazi yoyote. Hiral hakumcheka. Aliandika maombi, wakayapeleka kwenye ofisi ya usajili.

Kihara naye hakulala. Aliweka pingamizi, akidai pengo ni sehemu ya ufundi, kila mtu anajua linasaidia kisu kupumua, na kwamba hilo alilisikia kwa mdomo wa Nzioka mwenyewe siku alipokwenda kibandani akijifanya mteja. Nzioka akakumbuka sura yake. Alikuwa amekaa kwenye benchi akiitikia kwa kichwa kwa staha, na katika maisha yake yote ya kushuku watu, huyo ndiye pekee ambaye hakumshuku.

"Tutahitaji mashahidi," Hiral akamwambia. "Wenye bucha waseme wanatambua kisu yako kwa pengo. Basi. Lakini mzee, tafadhali, waambie ukweli kabla ya siku hiyo. Wasije wakaskia mara ya kwanza pale ndani."

Nzioka akaitikia ndiyo. Alipofika Kinoo kumwomba Ndegwa awe shahidi, ukweli haukumtoka. Ndegwa alikuwa amesimama nyuma ya gogo lake, koti jeupe limejaa damu, akimwambia mteja mmoja kwamba kisu hiki unachokiona kina pumzi. Nzioka akamtazama, akawaza: nikimwambia leo nilimdanganya, kesho atakuwa kwa Kihara, na atawapeleka wengine wote. Akamwambia tu tarehe na mahali.

Siku ya kikao Ndegwa alikuja na suti ya kanisani. Taranjit naye alikuwapo, amefunga duka ili aje kutoa ushahidi wake, na Nzioka alimkodolea macho akisubiri amgeuke. Hakumgeuka. Taranjit alisema visu vya Nzioka amevijua kwa pengo tangu mwanzo, wateja huliulizia kwa jina, na vya Kihara ni takataka. Alisema hayo kwa hasira, kama anayetetea ndugu. Nzioka aliona aibu ikimpanda usoni, akainamisha kichwa.

Kisha akaitwa yeye. Wakili wa Kihara akamuuliza pengo lina kazi gani.

"Haina kazi," Nzioka akasema. "Ilikuwa tundu ya bolti. Niliikata kwa sababu sikutaka kutupa chuma. Hiyo ya kupumua nilisema tu, nikiuza."

Hakuwa amewahi kusema maneno magumu kama hayo. Lakini kifua chake kikawa chepesi, na akaona Hiral akimwitikia kwa kichwa kidogo kumpongeza. Ndegwa alikuwa ameketi mstari wa pili, mdomo wazi.

Zamu ya Ndegwa ilipofika alisema alichopaswa kusema, kwamba hukitambua kisu kwa pengo. Wakili wa Kihara akasimama, akamuuliza swali moja tu. Je, yeye anaamini pengo halina kazi?

Ndegwa akamgeukia msajili aliyekuwa akisikiliza shauri. "Mheshimiwa, huyu mzee mimi namjua vizuri. Huyu hata ukimuuliza amekula nini hawezi kukuambia. Kila kitu yake anaficha. Leo anasema pengo haina kazi kwa sababu Kihara ako hapa anaskiza, na mimi simlaumu, mtu analinda siri yake. Lakini mimi nimeapa na Bibilia. Hiyo pengo inafanya kazi. Nimepasua mifupa nayo miaka yote hii, naskia kabisa ikipumua kwa mkono. Msimnyang'anye kitu yake ati juu amejishusha."

Akakaa chini akiwa ameridhika. Hiral alifumba macho.

Msajili alimuuliza Nzioka kama aliwadanganya wateja wakati ule au anaidanganya ofisi sasa, na kila jibu alilolitoa lilizidi kumzamisha. Alisema ukweli mara mbili, mara tatu, akaapa, akamtaja hata mkewe. Hakuna aliyemwamini. Uamuzi ulipotoka ulisema pengo ni la manufaa kwa kisu, kwa ushahidi wa shahidi wa mwombaji mwenyewe, na fundi yeyote yuko huru kulikata.

Walikuwa wote nje, kwenye ngazi, Hiral alipowaeleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Kihara alipita akizungumza kwa simu, hakuwatazama. Ndegwa akamgeukia Nzioka.

"Kwani nimeharibu?" akauliza. "Mimi nilidhani unawaficha. Wewe unaficha kila kitu."

Nzioka akauchunguza uso ule mnene, akitafuta ujanja, akitafuta alama yoyote ya mtu aliyelipwa na Kihara. Alitaka sana kuiona. Angeiona, angejua la kufanya, maana alikuwa amejiandaa kwa hilo maisha yake yote. Palikuwa na huzuni tu, na mapenzi ya rafiki anayeogopa kwamba amemkosea mwenzake.

"Hukuharibu," akasema. "Nilichosema mle ndani ilikuwa ukweli. Ni tundu ya bolti, Ndegwa. Siku ile ya kwanza nilikudanganya."

Kile kicheko cha Ndegwa kikamtoka, watu waliokuwa wakipita wakageuka kutazama.

"Tundu ya bolti! Na mimi nimehubiria watu!" Akajifuta macho kwa kiganja. "Si ungeniambia tu, mzee? Kwani mimi hununua tundu? Mimi hununua kisu. Ungeniambia pale buchani, ningekuja hapa niseme vile unataka, na kesho yake bado ningenunua kwako."

Taranjit alimshika Nzioka bega. Nzioka akakaa pale pale kwenye ngazi, mbele ya wote, akalia.