Maziwa ya Kuondoa Sumu

Gisenyi ya utoto wangu, miaka ya hamsini, ilikuwa na woga uliopita hata woga wa volkano: sumu. Mtu akivimba ghafla baada ya kula, watu hawakuuliza amekula nini. Waliuliza amekula kwa nani. Na dawa ya kwanza kila nyumba iliijua: maziwa, mengi, haraka, hata kwa kumbana mgonjwa pua.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ndio kwanza ameachishwa ziwa. Jirani yetu, mjane aliyekaanga mandazi mbele ya nyumba yake, alimpenda kama mtoto wake wa kumzaa. Asubuhi moja alimpa andazi la moto. Hata hajalimaliza, midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka mekundu kama aliyepita kwenye upupu, na kifua kikaanza kupiga miluzi. Mama akapiga yowe. Baba, fundi cherehani, akaacha nguo ya mteja kwenye mashine akaja kumshika mtoto mikono, na majirani wakaleta maziwa. Kila alipomezeshwa, pumzi ilizidi kuwa nyembamba.

"Mumupe tena!" walisema. "Maziwa inapigana na sumu!"

Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakata roho. 

Mjane hakupigwa, lakini hakuna aliyenunua tena mandazi yake, na sisi watoto tulifundishwa kuvuka njia tukimwona. Nilimchukia kwa moyo wote. Nilikuwa hodari wa kuchukia. Mwishowe alifunga virago akahamia Nyamyumba.

Baadaye akazaliwa mdogo wangu wa kiume. Alipoanza kula, mama alimpikia uji wa mtama kwa mkono wake mwenyewe, akautia maziwa yote yaliyokuwamo nyumbani. Vijiko vichache tu, nikaiona tena ile midomo. Sitaisahau sura ya mama. Aliangalia mlangoni, akimtafuta mwenye sumu, na mlangoni hapakuwa na mtu. Akakimbilia kibuyu cha maziwa. Kitupu. Hakuwa na la kufanya ila kumpakata mtoto na kumnywesha maji. Mtoto akatapika uji wote, akalia sana, na polepole pumzi ikamrudia.

Siku ya pili mchuuzi wa maziwa alifika kutoka Nyakiriba. Mama alichovya kidole katika maziwa, akampaka mtoto begani. Pakavimba, pakawa pekundu. Akaketi palepale uani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ni mi nilimumaliza."

Tangu hapo maziwa na samli havikuingia kwetu, na kila tulikoalikwa mama aliuliza kilichomo chunguni kabla mtoto hajagusa. Katika nchi ambayo maziwa ni heshima, tulionekana watu wa maringo. Mama hakujali. Kilichomnyima usingizi ni yule mjane. Siku moja alinichukua, tukaenda kwa miguu hadi Nyamyumba, akamweleza yote huku amemshika mikono.

"Haikukuwa sumu, dada. Damu ya mutoto ilikuwa inakataa maziwa. Na njo maziwa tulimupa kama dawa. Unisamehe. We hauna kosa."

Nilitegemea mjane atalia kwa furaha. Badala yake aliangalia chini.

"Mandazi nakandaka na maji," alisema. "Ile siku nilitia maziwa, juu ya kuona mutoto amekonda."

Mama akaiachia mikono yake. Mimi nilitamani tuondoke. Miaka yote ile, mjane alikuwa na hakika moyoni kwamba tulimsingizia bure. Ndicho kitu pekee tulichokuwa tumemwachia, na siku ile tulitembea hadi Nyamyumba kumnyang'anya.