Hezron na Breki ya Mbele

Juzi nimeshuka kwenye bodaboda katikati ya njia, kabla ya kufika Vwawa, na mvua ilikuwa inaanza. Kijana aliyenipakia akanishangaa.

"Mzee, vipi, umesahau mzigo?"

Sikusahau mzigo. Nilikuwa nimeona mkono wa breki ya mbele unacheza tu kama jino la mtoto, hauna waya. Nikamuuliza waya uko wapi. Akacheka.

"Tumeutoa, mzee. Ya mbele inaua."

Nikampa haki yake, nikajitwika jiwe langu la kunolea visu, nikatembea. Mimi si mtu wa hasira. Nimezunguka huku tangu ujana, nimelala kwenye baraza za watu, nimetukanwa na walevi nikawaambia asante. Lakini neno hilo la "tumeutoa" likinifika sikioni damu inanipanda, na sababu yake ni Hezron.

Hezron ni mtu wa Isongole, kule Ileje. Mama yao alipofariki alilelewa na dada yake, Nesta, ambaye mwenyewe alikuwa bado binti. Wakaja Tunduma kutafuta maisha. Nesta akaweka meza ya chai na maandazi pale Mpemba, kando ya barabara kuu, malori yanapopanga foleni kusubiri mizani. Hezron alisukuma baiskeli za mahindi kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kurudi, miaka na miaka, mpaka mabega yakawa na sugu. Hanywi, hapigani, akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Mwaka 2011, tukiwa bado mkoa wa Mbeya, Nesta akamnunulia pikipiki ya Kichina, ndogo, mpya, tangi lina nailoni bado. Pikipiki hiyo ndiyo ikawa shamba lao. Walikula hapo, wakalipa kodi ya chumba hapo.

Kuendesha alifundishwa nusu siku, kwenye uwanja wa mpira. Mwalimu wake alikuwa Yahaya, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda pale pale Mpemba, mtu wa makamo anayeswali swala zake na kuamua magomvi ya vijana bila kupandisha sauti. Somo la kwanza la Yahaya halikuwa gia wala klachi. Alichukua spana, akafungua waya wa breki ya mbele, akautupa.

"Udongo wetu huu unateleza," alimwambia, "na wewe utabeba magunia. Ukishika ya mbele, gunia linakuja kichwani. Mguu tu, dogo. Breki ni mguu."

Kijiwe kizima kilikuwa hivyo. Na kwa pikipiki ndogo yenye gunia la mahindi, inayokwenda polepole kwenye matope, sikuona aliyedhurika. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Hezron alikuwa ameendesha miezi mitatu tu Ferdinand alipokuja na lile dude.

Ferdinand alikuwa ajenti wa mizigo mpakani, shati jeupe, viatu vinavyong'aa hata siku ya tope. Alilishusha kwenye pikapu mbele ya kijiwe: pikipiki kubwa ya mbio, nyekundu, imeinama mbele kama jogoo anayetaka kupigana. Mwenye nalo, mtu wa Zambia, aliliacha kwenye godauni na hakurudi. Kadi ya usajili halina. Hakuna mtu mwenye akili angelinunua, na Ferdinand alilijua hilo kuliko sisi. Alichotaka ni pikipiki ndogo, maana hiyo Tunduma inauzika kabla chai haijapoa. Macho yake yakatua kwa Hezron, aliyekuwa mgeni kuliko wote.

"Dogo, tubadilishane. Hiyo yako inalia kama cherehani ya mama mjane. Hii ukiiwasha hapa, Nakonde wanatoka nje kuuliza kuna nini."

Vijana wakapiga mbinja. Mmoja, Twaibu, akaruka akaikalia. "Iwe! Nikipata hii mimi sirudi nyumbani tena!"

"Wewe shuka," Ferdinand akamwambia, "hii inataka mwanaume. Mwachieni Hezron."

Mimi nilikuwa kando ya meza ya Nesta, nanoa kisu chake cha mkate. Nikamwona anaweka birika chini.

"Hezron. Abiria atakaa wapi hapo?"

Hezron akatazama. Kiti cha nyuma kilikuwa chembamba, kimechongoka kwenda juu.

"Mama mjamzito wa kwenda kliniki utampakia wapi? Shingoni?"

"Dada, nitabeba wateja wa haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Wewe juzi umemgonga kuku wa Aida, Hezron. Kuku mwenyewe alikuwa amesimama!"

Kijiwe kikaangua kicheko. Twaibu akawa analia kama kuku, anapigapiga mbawa. Nikamwona Hezron, na safari hii hakuziba mdomo, kwa kuwa hakucheka. Nesta alisema kweli, lakini aliisema mbele ya watu, na mimi naamini pikipiki ile Hezron aliichukua pale pale, ndani ya kile kicheko.

"Mimi si mtoto wa kubebwa mgongoni, dada."

"Hujui hata kulisimamisha!"

"Nitajulia juu yake."

Sasa, kijiwe kile kilikuwa na sheria yake. Watu wakibadilishana funguo mbele ya wenzao, na mwenyekiti akapiga honi mara moja, biashara imekwisha. Hakuna kurudishiana, hakuna kulia. Hezron akatoa ufunguo wake, Ferdinand akatoa wa kwake. Wote wakamgeukia Yahaya.

Yahaya alijua mguu peke yake haulisimamishi dude lile. Nasema alijua, kwa sababu nilimwona anatazama magurudumu ya lile dude, anatazama mkono wa Hezron, anakuna kidevu. Angesema neno moja tu. Lakini vijana walikuwa wanashangilia, na mwenyekiti naye anapenda kupendwa. Akainama kwenye pikipiki yake, akapiga honi.

Honi hiyo ninaisikia mpaka leo.

Hezron akaondoka kuelekea mjini. Lilinguruma mpaka vikombe vya Nesta vikagongana mezani. Tukalisikia likififia, halafu likageuka, likawa linarudi. Vijana wakasimama barabarani kumpokea kama bwana harusi. Lori moja kwenye foleni likajitoa kuingia mizani, taratibu kabisa, kama yanavyofanya malori yote siku zote. Hezron akaliona. Alikuwa na nafasi ya kutosha kusimama, kwa mtu anayejua kusimama.

Akakanyaga mguu. Ndicho alichofundishwa. Gurudumu la nyuma likaanza kucheza huku na huku kama mkia wa mbwa, na dude halipungui mwendo. Hapo Yahaya akaruka barabarani, mikono juu, anapiga kelele:

"Mbele! Shika ya mbele! Ya mbele!"

Yule yule aliyeutupa waya! Mkono ambao miezi mitatu haukushika kitu ukashika kwa nguvu zote. Pikipiki ikasimama kwa pua. Hezron akapita juu yake, akaanguka umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye tairi la lori. Dude likaburuzika peke yake mpaka kwenye meza ya Nesta, likaizoa, birika, maandazi, vyote.

Mguu ulivunjika, na mfupa wa bega. Alikuwa anapumua. Tulimpakia kwenye pikapu ya msamaria mmoja akapelekwa hospitali, Nesta amemshika kichwa. Na Ferdinand, hajamtazama hata majeruhi, neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Wote mmeona. Hiyo iliyovunjika ni ya kwake. Yangu ni ile."

Twaibu alikuwa anatazama viatu vyake. Vijana waliopiga mbinja wote walikuwa wamepata kazi ya kufanya, huyu anafuta tangi, huyu anakagua tairi. Niliwachukia siku ile, na bado sijamaliza.

Nesta alirudi jua likianza kushuka, kitenge kina damu, kuja kuokota vyombo vyake. Akamkuta Ferdinand ameshaiwasha pikipiki ndogo, yuko tayari kuondoka. Nesta akaviacha vyombo chini. Alikwenda akapanda nyuma, akakaa kama abiria.

"Shuka, mama."

"Nipeleke nyumbani. Si bodaboda hii?"

"Mama, usitutie aibu. Funguo zimebadilishwa, honi imepigwa. Muulize mwenyekiti wako."

"Ninamuuliza." Akageuza shingo. "Mwenyekiti Yahaya. Kijiwe kina sheria ya funguo, nimeisikia. Sheria ya breki mnayo? Mtu umemfundisha kusimama nusu, halafu unampigia honi aende mzima mzima. Mdogo wangu alikufanyia nini?"

Yahaya akainuka. Alikwenda kwenye boksi lake la vifaa, akachukua spana na kipande cha waya. Akaja akapiga magoti mbele ya ile pikipiki ndogo, Nesta yupo juu, Ferdinand yupo juu, akaanza kuufunga. Nati ikamdondoka akaitafuta kwenye vumbi. Alipomaliza akaubinya mkono, gurudumu likashika. Kisha akazima injini, akachomoa ufunguo.

"Honi yangu nimeifuta," akasema.

"Huwezi kufuta! Utaharibu kijiwe, Yahaya!"

"Nilishakiharibu. Shuka, Ferdinand."

Ferdinand alitukana sana, mpaka ukoo wa Yahaya akautaja. Vijana ndipo wakapata midomo, wakamzomea. Nikawaambia wanyamaze, hawana haki ya kuzomea mtu.

Hezron anachechemea hadi leo. Pikipiki ile ndogo bado ndiyo kazi yake, imechakaa, kiti kimeshonwa mara nyingi. Pale kijiweni wengine walirudisha waya, wengine wakautoa tena masika yalipoingia, na nikipita nawaambia, wananiita babu mkorofi. Lakini Nesta, jioni, kabla ya kupanda kurudi nyumbani, humsimamisha mdogo wake kando ya meza mpya.

"Nenda hadi kwenye kile kibanda, urudi. Simama hapa."

"Dada, kila siku?"

"Nenda."

Naye huenda, hurudi, husimama kwa mkono na kwa mguu, mbele ya watu wote. Hapo ndipo Nesta anajifunga kitenge na kupanda.