Ini la Kambale ni la Mjamzito

Harufu ya ini la kambale likichomwa ndani ya jani la mgomba naijua kuliko marashi yoyote. Kiangazi kimoja nilikuwa mdogo, kwetu Kitahana, na mto ulikuwa umepungua mpaka wanawake wanaingia na vikapu kuzoa samaki kwenye madimbwi. Mama alikuwa mjamzito. Kwetu ini la samaki halikuwa la baba wala la mgeni. Lilikuwa la mwenye mimba, na bibi alilichoma kwa mkono wake mwenyewe. Sisi watoto tulikaa tunameza mate. "Mwana wanje, mwanangu," bibi aliniambia, "tumbo lako limejaa ugali tu. Hili ni la aliye tumboni." Mama alikula polepole, akatulambisha vidole.

Sasa binti yangu Neema ana mimba ya kwanza. Juzi afisa uvuvi alituita mkutanoni, akasema huko juu ya mto watu wanasafisha dhahabu kwa zebaki na kumwaga maji machafu mtoni. Samaki akishaimeza, sumu inajikusanya mwilini, zaidi kwenye ini na figo, na moto hauiondoi. Mjamzito akila, inamfikia mtoto na kumharibu ubongo. Kwa hiyo wajawazito waache samaki wa mto huu. Nikasimama. "Na wanaomwaga, umewaambia waache?" Akavua kofia, akaitazama. "Mama, hilo liko juu ya uwezo wangu." Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi tupo chini, tunangoja, na kinachotufikia ni zebaki.

Jioni ile nilimkuta mama mkwe wa Neema amemletea ini, bado la moto. Nikalinyakua kabla halijafika mdomoni. "Mkwe, unamnyima mjukuu wetu?" aliniuliza, machozi yakimlenga, maana alikuwa amelitafuta tangu asubuhi. Yeye hakukosea, alifanya kama bibi yangu. Nikalifukia shimoni, hata mbwa asile, ndipo nikamweleza.

Bibi alimlinda aliye tumboni kwa kumpa. Mimi namlinda kwa kumnyang'anya, na wenye dhahabu wanalala usingizi. Tulipokaa kula, nilimshukuru Mungu kwa maharage. Kwa mto sikuweza. Nilimwambia Mungu wazi kwamba nimekasirika, na kwamba kesho mimi na mama mkwe wa Neema tunakwenda Kibondo wilayani, tukaulize huo uwezo anao nani.