Damu ya Baba Mdogo

Mdogo wangu wa kike aliishiwa damu tangu utotoni. Kila baada ya miezi michache midomo ilimpauka, nasi tulimteremsha kutoka Kilema hadi hospitalini Moshi kuongezewa chupa ya damu ya ndugu. Baba, aliyekuwa akimtolea, alipozeeka, ukoo ulimchagua baba mdogo ashike nafasi yake.

Sababu yetu sasa inanichefua. Vitani Burma macho yake yaligeuka manjano mwezi mzima, lakini akapona. Shangazi akasema, "Damu iliyoushinda ugonjwa ule ni damu ngumu." Sote tukaitikia. Mama akampikia kisusio, mchuzi wa damu ya mbuzi, chakula cha wanawake waliotoka kujifungua, ili ajae vizuri kabla ya kutolewa.

Hospitalini, nesi akamuuliza, "Mzee, umewahi kuugua manjano?"

Baba mdogo alinitazama. Mdogo wangu alikuwa kitandani kando yetu, anahema kwa shida, na hapakuwa na mtu mwingine wa kutoa. Nikadakia, "Hajawahi, nesi."

Mdomo wangu ulikuwa mwepesi siku zote. Usiku ule nililala vibaya, maana sikuelewa kwa nini wameuliza, na niliogopa kurudi kuuliza.

Baada ya kuongezewa damu ile, mashavu yalimrudi mdogo wangu, akacheka, tukajisifu. Baba mdogo alitoa tena mara mbili. Msimu wa kuchuma kahawa ulipoanza, mdogo wangu alikataa hata mtori wa ndizi. Mkojo wake ukawa rangi ya chai ya rangi. Asubuhi moja alinigeukia akiwa juani, nami nikaona macho yake. Nilijua papo hapo.

Daktari alieleza kwamba ugonjwa ulisafiri ndani ya damu. Jioni hiyo baba mdogo alikuja na jani la isale mkononi, na kwetu aletewaye isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Akapiga magoti akilia. Mama akalipokea. Mimi nilisimama mlangoni na kata ya pombe ya mbege, nikimwacha mzee wa watu abebe lawama peke yake.

Wiki mbili baadaye, mdogo wangu, akiwa hawezi tena kuinuka, alinishika mkono. "Dada, nilisikia ulivyomjibu nesi. Isale lako liko wapi?"

Nilikimbia hadi penye isale, mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, nikakata jani. Niliporudi nalo, mama alikuwa ameshamfumba macho.