Leta Gani?

Kwetu Uvira, serikali yote tuliiita leta. Polisi ni leta, mtoza ushuru ni leta, mwanajeshi mwenye buti zilizopasuka naye ni leta. Neno lilitoka kwenye Kifaransa, l'État, yaani dola, lakini sisi tulilisikia kwa Kiswahili, maana ukikutana nao tu unajua watasema nini: leta pesa, leta kuku, leta kitambulisho. Hatukuwa na haja ya kuwatofautisha. Ukiwaona, unajificha.

Neno hilo nilikuja nalo mpaka Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, na siku mdogo wangu alipokamatwa ndilo lililonikwamisha.

Nilikuwa kwenye cherehani yangu kambini, nashona sare za kwaya, simu ikalia. Ni mwenzake anayeuza naye vitenge kule soko la Tsoka, Lilongwe. Alikuwa anahema. "Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "leta bamemubeba mudogo yako!" Kabla sijauliza kitu, simu ikakatika. Kila nikipiga, hapatikani. Niliacha sare kwenye cherehani nikatoka.

Mjini nilikwenda kwa wakili anayewasaidia wakimbizi bure. Wakili ni mama wa Kimalawi. Mkalimani wake ni baba mmoja wa Bukavu, msomi, mpole kupita kiasi. Upole wake uliniudhi.

"Mama, nani alimubeba?"

"Leta."

"Leta gani?"

"Aa! Leta ni leta, papa! Kwani iko ngapi?"

"Iko mingi," akasema. Wakili akawa anaongea kidogo kidogo, naye anageuza. Polisi ni leta, na wakimshika mtu sheria inawapa siku mbili tu kumfikisha kortini. Wahamiaji ni leta nyingine, wana sheria yao. Halmashauri ya jiji nayo ni leta, ijapokuwa haikai na mawaziri, kwa sababu nguvu yake imetoka kwenye sheria. Lakini wale wa magari meupe wanaotugawia chakula kambini si leta. Walinzi wa kampuni, hata wavae buti na kofia, si leta.

"Sheria haiangalie nguo, mama. Inauliza: hii nguvu, nani alikupa?"

Haki ya Mungu, nilitaka kuvua kiatu nimpige nacho. Ndugu yangu yuko mikononi mwa watu, mimi nafundishwa darasa!

Wakili akaanza kupiga simu. Wahamiaji: hatuna mtu huyo. Jiji: leo hatukushika mtu. Polisi wa karibu na soko: hayupo. Ndipo yule mwenzake wa sokoni akapiga tena, ameshapata chaji. Mkalimani akamuuliza wale watu walivaa nini. Bluu. Na mgongoni? Jina la kampuni inayolinda duka moja pale kando. Mwenye duka alikuwa analalamika kwamba wakimbizi wanamzibia mlango.

Wakili akaweka simu chini. Niliuona uso wake.

"Anasema nini?"

Mkalimani akageuza maneno yake. "Anasema, leta ikishika mutu, ye wakili anajua mulango ya kubisha. Hawa walinzi hawana mulango."

Mimi niliyeikimbia leta tangu Uvira, mpaka kwa mpaka, nilipiga magoti palepale ofisini. Mungu wangu, fanya akuwe kwa leta. Leta yoyote. Niliogopa kuliko nilivyoogopa njia nzima ya kuja Malawi.

Jioni ndipo alipopatikana. Walinzi walikuwa wamemfungia stoo ya duka, wakampiga, wakachoka, wakamkabidhi kwenye kituo kingine cha polisi. Tulipofika alikuwa nyuma ya nondo, mdomo umevimba.

Nilimshika askari wa zamu kwa mikono miwili, machozi yananitiririka, nikasema kwa Kichewa: "Zikomo, bwana. Zikomo kwambiri."

Mdogo wangu alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Yaya," akasema, "huyo si ni leta? Unamushukuru juu ya nini?"