Kaisari Niliyemfuta Uso

Mfamasia wetu ametutoka. Wasomaji wa Kolwezi mnamjua: yule mzee mwenye asili ya Kasai aliyepima dawa kwenye kaunta yake, na wateja wakiisha akageukia sarafu za fedha za makaisari wa Roma, akazipima kwa mizani ileile. Ya kwanza aliinunua Dilolo, mpakani na Angola, kwa Mreno aliyekuwa akihama. Nyingine zilimfuata kwa posta. Nilikuwa nikimtania kwamba mji mzima unachimba ardhi yetu kutafuta shaba, yeye peke yake anachimba ya wenzetu. Alicheka, akanipa lupu, kioo chake cha kukuzia, akanifundisha: tazama ndevu, tazama taji la miali, kisha soma herufi zinazozunguka kichwa mpaka jina litoke.

Moja ilimshinda. Ilikuwa nyeusi, herufi zimejificha chini ya uchafu, naye kwa miezi aliiloweka kwenye maji safi, akiichokonoa taratibu kwa kijiti cha meno. Nilimhimiza aisugue, akakataa. Makaisari walipofilisika, alinieleza, waligonga sarafu za shaba na kuzivika utando wa fedha, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na herufi zimo kwenye utando huo. "Uchafu haiko adui, ndugu. Njo yenye inachunga jina."

Kilioni binti yake alinivuta pembeni, ile sarafu nyeusi mkononi. "Tata, we ulikuwa unakaa naye. Utujulishe huyu wa mwisho ni nani, tumuzike papa na jibu." Ningesema sijui. Lakini watu walikuwa wakinitazama, nami ni mtu wa kuandika gazetini, basi nikajitia ujuzi. Niliagiza ndimu na mchanga laini, nikasugua kama wachimbaji wa mgodi wa Mashamba wanavyoosha mawe yao kabla ya kumpelekea mnunuzi, maana kwetu jiwe lisilooshwa halina bei. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Nadhani kila mmoja wao angefanya vivyo hivyo. Utando ukatoka na maji. Pua ikaenda, herufi zikaenda, nikabaki na kidude chekundu kinachong'aa.

Binti hakunigombeza. Alikigeuza kiganjani mara kadhaa. "Ni shaba," akasema, akakifunga kwenye leso.

Nimeona aibu, jamani, na bado naiona ninapoandika. Tumezoea kuamini kwamba kitu hakina thamani mpaka king'ae, na tumeosha vilima vizima kwa imani hiyo. Mzee wangu alizikwa bila jibu. Neno "sijui" lingetosha kumlinda kaisari wake. Nililimeza mbele ya watu, nikampa binti wa Kolwezi kipande cha shaba.