Kilio cha Mke Mwenza wa Mama

Mama yangu aliishi na mke mwenza kwa miaka mingi, na mke mwenza huyo alikuwa na manyoya.

Baba ndiye aliyemleta. Baba alikuwa mnunuzi wa mpunga. Kila msimu wa mavuno alikwenda Katogota, akarudi Uvira na magunia, vumbi hadi masikioni, na uongo wa kutuchekesha wiki nzima. Safari moja alirudi kofia ikiwa mikononi badala ya kichwani, na ndani ya kofia kulikuwa na kifaranga cha korongo, yule mwenye taji la manjano ambaye watu wa bondeni humwita musambi. Wavunaji walimkuta peke yake katikati ya mpunga. Mama alichungulia ndani ya kofia, akauliza, "Na hii nyama tunapika leo ao kesho?"

"Hii haiko nyama," baba akajibu. "Huyu ni mugeni."

Mgeni gani haondoki! Alikua, akaota miguu mirefu isiyo na adabu, mashavu meupe na lile taji lake, akaanza kutembea uani kwetu kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Na akampenda baba. Sisemi alimpenda kama mbwa anavyompenda anayemtupia mifupa. Nasema alimtaka. Baba akifungua geti tu, ndege anainama, anafungua mabawa, anaruka juu, anashuka, anaokota kijiti anakitupa hewani. Na baba, mtu mzima mwenye tumbo na wakwe, anaweka mkoba chini na kuinama naye. Majirani walikuja kutazama bila kukaribishwa.

Mama hakucheka. Akimpelekea baba chakula, ndege anamdonoa kisigino. Akikaa karibu na baba jioni chini ya mwavokado, ndege anakuja kusimama katikati yao, makalio upande wa mama. Siku moja uvumilivu ukamwisha.

"Minye, mimi huyu, ulinioa kanisani mbele ya watu!" akamwambia baba. "Leo weye unaniletea wa pili, na kwao hata soda haukupeleka!"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia hapo mama hakumwita ndege kwa jina jingine. Kwa baba alikuwa "bibi yako", yaani mke wako: bibi yako amechafua mashuka yangu, bibi yako amekula samaki ndagala niliyoanika. Kwetu sisi watoto alikuwa mama mdogo. "Muitieni mama yenu mudogo, mahindi yake iko tayari." Na sisi wapumbavu tulikuwa tunaita kweli, naye anakuja mbio.

Halafu vita vikashuka mpaka kwetu. Tulivuka mpaka pale Kavimvira pamoja na mji mzima, kila mtu na godoro lake kichwani. Ndege tulimwacha. Baba alitaka kumbeba, mama akamwambia achague, na kwa mara ya kwanza sikusikia mzaha katika sauti yake. Kule Burundi, kwenye mahema, dawa za baba za sukari zikaisha. Alikufa asubuhi, tukamzika mchana katika mvua, kati ya watu ambao hawakumjua hata kwa sura. Aliyetusaidia kuchimba aliniuliza kama yule alikuwa mjomba wangu.

Mama hakulia. Nilimkasirikia sana, nakiri bila aibu, kwa maana nilikuwa na hasira za kutosha na nilitafuta pa kuziweka. Nilipomuuliza, akasema, "Hapa ni kwa watu. Nitamulilia kwangu."

Kwetu hilo lina maana yake. Kilio kina mahali pake: uani kwa marehemu, mikeka imetandikwa, bashi la turubai limefungwa juu kukinga jua, wanawake wamekukalia kushoto na kulia hadi utoe yote. Hulii kwenye hema la watu huku foleni ya maji inakutazama.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imevuliwa nguo. Milango hakuna, mabati hakuna, hata vifuniko vya sufuria walibeba. Sijui mwizi wa vifuniko vya sufuria analelewa na mama gani. Lakini mama mdogo alikuwepo. Alisimama chini ya mwavokado, amekonda, mchafu, hasira zile zile. Alimtazama mama, kisha akanyoosha shingo kutazama nyuma yake, kwenye geti. Akangoja.

"Usimutafute," mama akamwambia. "Nimemuacha ng'ambo."

Nilidhani sasa atalia. Wapi! Alifunga kitenge kiunoni akaanza kutafuta mabati. Na watu nao walikuwa wanarudi mmoja mmoja, kila mmoja na wafu wake na matundu yake ya kuziba. Pole za baba mama alizipokea sokoni, wima, mfuko wa nyanya mkononi. Hakuna aliyekuja kukaa. Nani angekaa, na juu ya kiti gani?

Basi wakabaki wawili, mjane na mjane. Waligombana kutwa nzima. Mama aliweza kutoka kuuza mafuta ya mawese, akarudi na kuendeleza ugomvi palepale alipouachia. Ndege, akiwa hana tena wa kumchezea, akaanza kumfuata yeye. Siku moja nilikuwa dirishani nikamwona anamwinamia mama na kufungua mabawa.

"Toka hapa," mama akasema. "Minye siko bwana yako."

Kisha akatazama huku, akatazama kule, akaona hakuna mtu. Akainama. Kidogo tu, mikono kiunoni. Sikumwambia kwamba nimeona, kwa sababu ningefukuzwa nyumbani na uzee wangu huu.

Mwaka huu, asubuhi moja, nilikuwa nawasha mkaa nikasikia mama anapiga yowe. Si yowe la nyoka, si yowe la mwizi. Mtu yeyote wa mtaani kwetu analijua lile la tatu. Nilikimbia, nikamkuta amepiga magoti chini ya mwavokado, ndege amelala mbele yake, miguu imenyooka, shingo imekunjwa ubavuni. Uzee tu. Mama alimfunika na kitenge chake cha kanisani.

Sasa, kwetu yowe lile likitoka, hamuulizani. Kumuuliza mfiwa "nani amekufa?" ukiwa getini ni utovu wa adabu, unaingia, unalia, habari utaipata baadaye pembeni. Kwa hiyo kabla sijafikiria la kufanya, jirani yetu anayeuza sombe, yaani kisamvu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha samaki, alikuwa ameingia mikono kichwani: "Yoo! Yoo, mama yetu!" Nyuma yake wengine. Viti vya plastiki vikapita juu ya ukuta. Vijana wakafunga bashi. Mtu akaleta unga. Kiongozi wa sala wa jumuiya yetu akafika na kitabu chake, shati limefungwa vifungo vibaya, akaanza kumwombea ndugu yetu mpendwa aliyetutangulia.

Akaniinamia sikioni. "Jina la marehemu?"

"Omba tu," nikamwambia. "Mungu anamujua."

Niliogopa kitu kimoja: mama yangu kuchekwa. Mtaa wetu haujui kusahau. Ukianguka matopeni leo, wajukuu wako wataitwa wa matopeni. Nikaanza kupanga uongo, shangazi wa kule Bijombo ambaye hakuna anayemjua, na ningemuua shangazi huyo bila huruma kama mama angenipa nafasi. Lakini mama alitoka kule nyuma, amebeba kitenge mikononi, akaja kuketi mkekani katikati ya wanawake. Kitenge kikateleza. Mguu mmoja mweusi, mrefu, ukatokeza nje.

Sala ikakatika.

"Iii!" mwuza sombe akasema. "Si ni ule musambi?"

"Ndiye," mama akajibu. "Ni mukewenzangu. Mulikuja kulia, basi mulie."

Aisee, walicheka! Mmoja alianguka kwenye mkeka. Vijana walijificha nyuma ya ukuta. Kiongozi wa sala alifunga kitabu kwa kishindo, akasema hajawahi kudharauliwa hivi, nami nikamwambia Mungu alimuumba huyo ndege siku moja kabla ya yeye, kwa hiyo apange foleni. Wanawake wakaanza kusimama, wakijifuta machozi ya kicheko, kila mmoja akitafuta kiti chake. Nikamtazama mama. Hakuwa anamtazama yeyote. Alikuwa anarudisha ule mguu ndani ya kitenge, taratibu, na akaanza.

Kwetu, mtu akifa, unampa salamu awapelekee waliotangulia. Kila kilio kina salamu zake.

"Mama mudogo, weye unaenda," mama akasema, kwa ile sauti ya kilio inayopanda na kushuka. "Ukimukuta bwana yetu, umuambie mabati nimerudisha. Umuambie mulango ni mupya. Umuambie mwavokado unazaa. Umuambie nilimuweka mahali pa watu, sikumulilia, sikuwa na mukeka. Asifikiri hakuwa na watu. Umuambie watu walikuwa wanakimbia."

Mwuza sombe alikuwa ameshika kiti tayari. Akakirudisha chini. Akakaa, akaweka mikono kichwani, na safari hii yowe lake halikuwa la adabu tu.

"Muzeee!" akaita. "Muzee wa mpunga, ee!"

Wote wakamjua. Hakuna aliyeuliza tena. Walirudi mkekani mmoja mmoja, wakamkalia mama kushoto na kulia, wakamlilia baba yangu kwa jina lake, na mimi nikalia mpaka nikaishiwa nguvu, na mwenye kitabu akavua kofia akasimama kando ya ukuta. Walikaa mpaka jua likahama upande wa pili wa bashi.

Tulimzika ndege chini ya mwavokado. Kabla hatujamfukia, mama alisogea ukingoni, macho yamevimba, sauti imekauka kabisa, akainama kidogo na kuongeza salamu ya mwisho.

"Na usimukalie karibu sana," akamwambia. "Minye niko nakuja."